Tulitoa Upepo

Bweni la wanawake, chumba namba sita
Jumapili, 11 Februari

Randa wangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, maana chumba kina kiti kimoja na sisi tupo wanne. Wenzangu wananicheka. Wanasema tangu nifike sijamaliza sentensi bila kutia "mume wangu" ndani yake. Mmoja alihesabu wakati wa chai ya asubuhi akapata mara kumi na moja. Nikamwambia arudie hesabu, mbona mimi nina kumi na mbili. Neno lenyewe bado jipya mdomoni, nalitumia kama mtu mwenye viatu vipya: anatembea hata pasipo na safari.

Kazi tunayofundishwa ni ya macho. Mashati yakitoka kwenye cherehani yanaletwa mezani kwetu, tunayageuza ndani nje na kufuata mshono kwa ncha ya kidole, pole pole, mpaka penye kasoro paseme penyewe. Mwalimu wetu anasema mkaguzi mzuri haamini shati lolote hadi liungame. Nikacheka, nikakukumbuka wewe uliyeniita Sindano kabla hata hujanioa.

Nimewahadithia habari za Nyigu: gari la marehemu baba yako, la manjano, la zamani lakini lenye mbio, la chini kiasi kwamba ukikaa ndani unayaangalia magoti ya watu. Na lina viti viwili tu. Viwili, Randa! Aliyeliunda alijua watakuja watu kama sisi. Nimewaambia pia jambo la huzuni, kwamba baba alikuwa akishuka nalo mteremko wa machimbo ya mawe, breki zikapata joto, zikalegea, na hakurudi nyumbani. Na nimewaambia maneno ya mama yako siku wazee wa pande mbili walipokutana: "Gari lile mguu wangu hautaligusa, wala sitaki kumwona mkwe wangu ndani yake."

Lakini wewe uliniahidi. Ulisema utalifungia breki za kuaminika, na tarehe 31 Machi nikimaliza mafunzo utanifuata nalo. Naishi kwa ahadi hiyo. Gari likikataa njoo kwa miguu, nami nitarudi mgongoni kwako.

Mkeo wa siku thelathini na sita,
Sindano


Karakana, nyumbani
Jumatatu, 19 Februari

Sindano wangu,

Barua yako nimeibandika ukutani juu ya meza ya kuranda. Imeshaingia vumbi la mbao, usinigombeze.

Kazi ya gari inakwenda. Fundi Spana aling'oa breki za ngoma za mbele, akafunga diski alizozitoa kwenye gari la miaka ya karibuni. Anasema ngoma ni kama chungu chenye mfuniko, joto likiingia halina pa kutokea, lakini diski iko wazi na upepo wa njiani unaipoza. Mipira inayopitisha mafuta ya breki nilinunua mipya yote. Ijumaa Fundi alisafiri kwenda harusi ya mpwa wake, akaniachia nimalizie. Jumamosi tulitoa upepo kwenye mabomba, maana upepo ukibaki ndani ya mafuta pedali inazama kama mguu kwenye tope. Sasa ni ngumu kama ubao wa mninga.

Meza yetu ya kulia nimeipiga msasa mara ya pili. Mama hajambo, anakusalimu. Kuhusu gari hasemi kitu.

Ni mimi, mumeo,
Randa


Chumba namba sita
Ijumaa, 23 Februari

Randa wa moyo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tisa. Mara nane za kwanza nilikuwa mke. Mara ya tisa, samahani, nilikuwa mkaguzi, na kidole kikakwama.

Umeandika "nilinunua". Umeandika "nimeipiga msasa", "nimeibandika". Kila mahali ni wewe, mume wangu mchapakazi. Halafu Jumamosi unaandika "tulitoa upepo". Ile "tu" imetoka wapi? Ningesema ni wewe na Fundi Spana, lakini mstari mmoja juu yake umenieleza mwenyewe kwamba Fundi aliondoka Ijumaa.

Usinielewe vibaya. Nauliza kwa mapenzi. Mke akiwa mbali hata koma anaitafuna. Niambie tu ni nani, nimsalimie na nimshukuru.

Leo tumefundishwa kushona tundu la kifungo. Langu lilitoka zuri mno, nikalibusu, nikijifanya ni wewe.

Mkeo wa siku arobaini na nane,
Sindano


Karakana
Jumatano, 28 Februari

Malaika wangu, ua la bustani yangu, nuru ya macho yangu,

Jinsi ninavyokukumbuka haisemeki. Kila nikishika mbao naona ngozi yako laini, malaika wangu. Nyumba bila wewe ni kama mlango bila bawaba. Nikila silali, nikilala sili. Wewe ndiwe malaika niliyepewa.

Kuhusu hiyo "tu", ni kalamu iliteleza. Nilikuwa mimi tu.

Wako milele na milele, malaika,
Randa


Chumba namba sita
Jumapili, 4 Machi

Kwa Fundi Spana,

Shemeji, salamu nyingi. Naamini harusi ya mpwa wako ilipita salama na bwana harusi hakukimbia.

Nina swali la kifundi. Nilimuuliza dereva wa lori la kiwanda kama mtu mmoja anaweza kutoa upepo kwenye breki za gari la zamani. Alicheka hadi akaegemea tairi. Akaniambia mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine yuko chini kwenye gurudumu, anafungua skrubu, upepo unatoka, anafunga, ndipo wa juu anaambiwa aachie. Kisha wanaanza tena. "Mtu mmoja anaweza," akasema, "awe pweza."

Mume wangu ameniandikia kwamba alifanya peke yake. Tena kaniandikia katika barua ambamo ameniita malaika mara nne. Shemeji, mtu huyu alinichumbia mwaka mzima kwa maneno yasiyojaza kisanduku cha kiberiti. Ghafla ananimwagia bustani nzima.

Wewe ni rafiki yake, najua ndugu wa spana hawasalitiani. Lakini wewe ndiye uliyenipa mkono siku ya harusi ukasema, "Huyu akikusumbua niite." Basi nakuita. Uliporudi, uliona nini?

Shemeji yako,
Sindano


Gereji
Alhamisi, 8 Machi

Shemeji,

Mimi mkono wangu ni wa kushika nati, kalamu inaniponyoka, kwa hiyo nitasema kwa ufupi.

Dereva wenu amesema kweli. Bila miguu ya mtu wa pili kazi ile haifanyiki sawasawa, na hapa ilifanyika sawasawa sana. Niliikanyaga pedali mwenyewe Jumatatu niliporudi. Mafuta safi, hakuna upepo hata wa kupenga. Nilimuuliza mumeo ni nani aliyemsaidia. Akaanza kutafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

Nilichokiona ni hiki. Mumeo ana miguu ya korongo, akiendesha kiti hurudishwa nyuma mpaka mwisho. Jumatatu ile kiti kilikuwa mbele mpaka mwisho. Na juu yake kulikuwa na mto wa kijani wa kukalia, wa kumwinua mtu mfupi. Niliporudisha kiti, pembe ya mto ilinaswa kwenye reli ikachanika. Kipande nilikiweka mfukoni, na nimekitia humu kwenye bahasha, kwa sababu wewe ndiye mwenye elimu ya vitambaa na mimi sipendi kusema jambo bila ushahidi.

Jumamosi iliyofuata wakatoa upepo tena, na sikuitwa. Breki moja kutolewa upepo mara mbili, shemeji! Labda wanaipenda kazi.

Usiniweke katikati. Mimi ni mtu wa breki, si mtu wa kuchochea.

Fundi Spana


Chumba namba sita
Jumatatu, 12 Machi

Kwa mume wangu,

Kiti cha gari hakijisogezi chenyewe. Mto haupandi garini wenyewe.

Gari lile lina viti viwili, na mimi nilidhani najua vya nani.

Sikuulizi tena, kwa kuwa nilipouliza ulinijibu kwa maua. Tarehe 31 usinifuate. Nitapanda basi kwenda kwa dada yangu, nikae huko mpaka nijue nimeolewa na nani. Wenzangu hapa wameacha kuhesabu "mume wangu". Leo asubuhi ilikuwa sifuri na hakuna aliyecheka.

Mkaguzi


Karakana
Jumamosi, 17 Machi

Sindano,

Nilikuongopea, na nimejuta toka niliporamba bahasha ile. Zile sifa nilizitoa kwenye kadi dukani. Sikujua niandike nini.

Kweli alikuwepo mtu. Siwezi kukuambia ni nani. Ameniapisha kwa jina la baba yangu, na kiapo hicho sijawahi kukivunja. Si unavyofikiri. Najua kila mume mwongo husema hivyo hivyo.

Tarehe 31 nitakuja. Ukipanda basi nitalifuata basi.

Randa


Chumba namba sita
Jumanne, 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yako hayakusumbui na kile kikohozi kimekuacha.

Nakuandikia kwa heshima zote, na nikiwa nimekosea nakuomba uichome barua hii jikoni, tusiitaje kamwe.

Juma zima nilikuwa na kipande cha kitambaa cha kijani chini ya godoro langu. Sikutaka kukitazama. Ni pembe ya mto uliokutwa kwenye Nyigu, kwenye kiti cha dereva, na mimi nilikuwa nimeshamchora mwenye mto huo kichwani: mfupi, mzuri, anacheka sana, anamwita mume wangu kwa jina nisilolijua. Nilimchora vizuri mpaka nikawa naijua sauti yake. Nilipokea barua ya mwanao jana, anasema ameapishwa kwa jina la baba, nikalia kwa hasira. Nikasema, kumbe na jina la marehemu limeingizwa katika uchafu huu.

Leo wakati wa chakula cha mchana wenzangu walikwenda bwaloni, nikabaki. Nikakichukua kile kipande nikakiweka kwenye mwanga wa dirisha. Nia yangu ilikuwa kukirarua. Lakini Mama, vidole vyangu sasa vimeshafundishwa. Kabla sijararua, vilifuata mshono.

Ni mshono wa mkono, wa pindo. Mdogo, umebana, wa mtu asiye na haraka. Na umelala upande usio wa kawaida. Watu wote hapa mishono yetu ya pindo huinama upande mmoja, kama majani yanayopigwa na upepo mmoja. Huu umeinama kinyume. Mwalimu alitufundisha mwezi uliopita: ukikuta hivyo usiandike kasoro, aliyeshona ni mashoto, hutumia mkono wa kushoto.

Nikakaa. Kisha nikafungua sanduku. Utanicheka, lakini nilikuja huku na gauni langu la harusi. Sikuweza kuliacha kabatini peke yake. Nikalitoa, nikageuza pindo la chini, lile ulilonimalizia kwa mkono wako asubuhi ya harusi, wewe umepiga magoti sakafuni na mimi nimesimama juu ya kigoda, ukinikemea nisitingishike. Nikaweka kile kipande cha kijani kando ya pindo jeupe.

Mama, ni mkono mmoja.

Sasa hasira imeniishia lakini sielewi kitu. Ni wewe uliyesema mguu wako hautaligusa gari lile. Wazee wote walisikia. Nami nilikuogopa siku ile, nikijua neno lako halina mlango wa nyuma. Niambie, kama naweza kuambiwa.

Mkweo


Nyumbani
Jumamosi, 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Kikohozi kimekwisha.

Mto ni wangu. Ukirudi utairekebisha ile pembe, Fundi Spana ana mikono kama koleo.

Nilikuwa jikoni Jumamosi ile, naosha vyombo. Dirisha la jikoni linatazama karakana, wewe unajua, na mlango ulikuwa umefungwa nusu. Nikamwona mumeo amechukua kipande cha ubao, amekitegemeza kati ya kiti na pedali ili kimkanyagie. Seremala kila shida yake ni ubao. Akaenda chini kwenye gurudumu. Ubao ukateleza. Akarudi, akautegemeza tena, ukateleza. Mara ya tatu nikaweka sufuria chini.

Nitakuambia jambo ambalo mumeo halijui. Baba yake alipofariki watu walisema alikuwa mzembe, wengine wakasema alikuwa amelewa. Mimi nililetewa vitu vyake kwenye mfuko. Kiatu cha kulia soli ilikuwa imepasuka katikati. Mtu mzembe hapasui soli. Alikanyaga, mwanangu, alikanyaga mteremko mzima, na chini ya mguu wake hapakuwa na kitu. Kiatu kile nilikificha na sikumwonyesha mtu. Nikalichukia gari kwa sababu nilikuwa na haja ya kukichukia kitu.

Basi nikatoka nje nikamwambia mumeo aondoe ubao. Nikamwambia, "Baba yako kauawa na breki, wewe usiuawe na ubao." Nikaleta mto wangu, maana kile kiti mtu anazama kama kisimani. Yeye chini, mimi juu. Anasema kanyaga, nakanyaga. Anasema shikilia, nashikilia. Anasema achia, naachia. Mwanzoni pedali ilikwenda mpaka sakafuni na moyo wangu ukaenda nayo, nikajua ndivyo alivyoisikia marehemu. Nilitaka kushuka. Mumeo akasema kutoka chini, hanioni, "Mama, shikilia." Nikashikilia. Kila mara inapanda kidogo. Gurudumu la nne lilipokwisha nilikanyaga na mguu wangu ukakutana na kitu kigumu. Sikuondoa mguu kwa muda mrefu. Aliniuliza kama nimelala.

Juma lililofuata nilimwambia turudie. Hapakuwa na upepo wowote. Nilitaka tu kuisikia tena.

Nilimwapisha asiseme kwa sababu niliapa mbele ya wazee, na mimi ni mtu mwenye kiburi, umeshaniona. Sikufikiria kwamba kiburi changu kitalala kitandani kwenu. Kwa hilo nisamehe. Yeye mgombeze kwa yale maneno ya kwenye kadi, nilimwambia ni mabaya.

Sasa sikiliza. Tarehe 31 nakuja naye. Kiti cha pili nitakikalia mimi kwanza, na mteremko wa machimbo nitaushuka mimi kwanza, macho wazi. Nikifika kwako mzima, kiti ni chako. Mimi nitarudi kwa basi.

Mama yako


Chumba namba sita
Jumanne, 27 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa sakafuni, na wenzangu watatu wamenizunguka wakinipangusa machozi. Nimewasomea yote isipokuwa ya kiatu. Hilo ni lako, na siku moja utamwonyesha mwanao mwenyewe. Namjua, atakaa nacho mapajani, kisha atakitengenezea sanduku.

Umenitaka nikusamehe. Mimi ndiye niliyempa mto wako mwanamke ambaye hayupo. Basi tusameheane, tuliache.

Lakini Mama, kurudi kwa basi peke yako hapana. Nimeshapanga, na wewe umenifundisha kutopinda. Mkifika, mimi na wewe tutapanda basi pamoja, tukae kiti kimoja, uniambie habari za marehemu tangu siku mlipojuana. Mwanao atatufuata nyuma na Nyigu. Aliniandikia "mimi tu", basi arudi hivyo: yeye tu. Akae na kile kiti kitupu pembeni akitafakari maana ya silabi. Mwambie pia ajiandae kunitungia maneno yake mwenyewe, hata yawe manne.

Adhabu hiyo itafika juu ya mteremko wa machimbo na hapo itakwisha. Nimemuuliza yule dereva wa lori, anasema kilima kile kinateremka pande zote mbili, na basi husimama pale kileleni. Nitashuka, niingie garini, nikae kwenye kiti chako kikiwa bado kina joto la safari yako ya kuja. Mteremko ule nataka kuushuka na mume wangu, Mama, na siogopi. Wewe kaa dirishani upande wa mbele. Tutakuwa mbele yenu, na utaona nyuma ya Nyigu taa mbili nyekundu zikiwaka kila akikanyaga. Kila zikiwaka, ujue mguu wako ndio unaotushikilia.

Asubuhi hii wamehesabu tena kwenye chai. Ishirini na tatu.

Mkweo wa siku themanini,
Sindano